Mwalimu wa Kifaru na habari za Mbiru

Leo naziacha siasa za Dodoma zipumzike kidogo. Nataka kuandika habari za mzee mmoja wa Kifaru, mwalimu mstaafu, ambaye nilimfahamu miaka mitatu tu ya mwisho ya maisha yake. Jina lake silitaji. Wanawe wameniomba hivyo, na mkisoma mtaona sababu. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote pale kijijini, wakubwa kwa wadogo.

Kwa wasioijua Kifaru: ukitoka Dar kwa basi la Moshi, ukapita Same, ukapita Mwanga, milima ya Upare ya Kaskazini ikiwa mkono wako wa kulia, utafika mahali penye joto na vumbi, penye maduka machache kando ya lami. Ukisinzia dakika tano umeshapita. Kijiji kina jina la mnyama ambaye hayupo. Anayetaka kumwona kifaru siku hizi aende Mkomazi, upande wa pili wa milima, akamtazame ndani ya uzio. Wengi wanaoishi pale wana asili ya juu milimani, wakateremka kwa sababu shamba la babu limegawanywa kwa baba watano na wajukuu ishirini na sasa haligawanyiki tena. Mwalimu yeye aliteremka alipostaafu. Alisema magoti yake yaliacha kazi ya mlima kabla yeye hajaacha kazi ya ualimu.

Tulikutana Desemba 2019. Nilikuwa nimekwenda likizo kwa mama, na mhariri wangu alikuwa ameniambia nikirudi nirudi na stori. Wakanielekeza kwa Mwalimu: huyo anajua mambo ya zamani. Nikaenda, nikampa shikamoo, nikatoa kinasa sauti na kumwuliza kama anakumbuka Mbiru, na ilikuwa mwaka gani. Akakitazama kile kinasa sauti, akanitazama mimi.

"Kijana wangu, wewe umesoma. Mwaka si umeandikwa kitabuni? Niulize mimi nilikuwa nachunga nini."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Mtoto wa Kipare wa enzi zile alianza na mbuzi, akapewa ng'ombe alipokua kidogo. Mzee ambaye hajui tarehe ya kuzaliwa kwake anajua vizuri sana siku fulani alikuwa na mbuzi au na ng'ombe, kabla ya jando au baada ya jando, njaa ile au njaa nyingine. Ukipata vitu vitatu vya namna hiyo, mwaka unaupata mwenyewe bila kumsumbua. Mwalimu alikuwa anachunga mbuzi na ameanza shule. Kwa hesabu yake alizaliwa 1934.

Sasa hiyo Mbiru ni kitu gani? Nauliza kwa niaba ya wengi, maana shuleni Maji Maji ilichukua wiki nzima na Mbiru nadhani ilipewa sentensi moja, na hiyo sentensi ilipita siku ambayo nusu ya darasa ilikuwa inafagia uwanja.

Ilikuwa hivi. Waingereza waliunda wilaya ya Pare mwaka 1928, makao yake Same, wakitawala kupitia watawala wa jadi wa milimani na tambarare. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 baraza la watawala hao, pamoja na Bwana Shauri wa Same, likaamua kuleta kodi mpya. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa kila mwanamume. Hii mpya ilikuwa ya kukadiriwa kwa mali ya mtu. Mwenye nyingi alipe nyingi, mwenye chache alipe chache. Wakaipa jina la Mbiru, jina la kale la ushuru uliokuwa ukitolewa kwa mtawala enzi za mababu, labda wakidhani jina la kizee litaifanya kodi ionekane ya nyumbani.

Ukiisikia harakaharaka unasema hiyo kodi ilikuwa ya haki. Hata mimi nilisema hivyo mbele ya Mwalimu. Akacheka, akaita mjukuu wake alete chai, ishara kwamba somo litakuwa refu.

Hebu fikiria, akasema, nani atakadiria? Mzungu hajui zizi la mtu. Kwa hiyo jirani yako ndiye atakuja kukukadiria. Halafu mali yenyewe ni ipi? Upareni mtu mwenye ng'ombe kumi hakai nao kumi zizini kwake. Wawili wako kwa shemeji, mmoja kwa rafiki wa jando, watatu kwa mtu wa tambarare kwenye majani. Na zizini kwake wamo ng'ombe wa watu wengine. Sasa makadirio yanamhesabia nani? Miti ya kahawa unaweza kuihesabu, haikimbii, lakini mti una bei ya mwaka huu na bei nyingine mwaka ujao. Na zaidi ya hesabu, kulikuwa na jambo la heshima: mtu kuingia kwako na daftari na kutaja hadharani ulicho nacho. Wenyewe mnajua watani zetu wanavyotusema. Kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mwalimu alikuwa haukatai utani huo. Alisema kesi haikuwa ya kuku hata siku moja, ilikuwa ya nani ana haki ya kumhesabu kuku.

Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka pande zote za Upare, Kaskazini na Kusini, wakaenda Same kwenye makao ya wilaya. Hawakwenda na mikuki. Walikwenda kusema kwamba kodi ya kichwa wako tayari kuilipa na Mbiru hawaitaki. Walipokataliwa kusikilizwa hawakurudi nyumbani. Walikaa. Wakaweka kambi pale Same, na ikawa miezi. Jina linalotajwa sana katika uongozi wa harakati ile ni Paulo Kajiru Mashambo, mtu wa Mamba, kule kusini ambako siku hizi tunakujua kwa tangawizi. Kumbukeni TANU ilizaliwa Julai 1954. Kesi ya ardhi ya Wameru, iliyompeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, ilikuwa bado miaka saba mbele. Wakulima wa Upare walikaa chini barabarani kabla ya hayo yote, na Gandhi wengi wao hawakuwa na habari naye.

Haya mambo ya msingi yanapatikana kwenye vitabu, na vitabu hivyo viliandikwa na mtu wa nyumbani, Profesa Isaria Kimambo. Mwalimu alikuwa na kijitabu chake kuhusu Mbiru, kilichotolewa 1971 na Chama cha Historia cha Tanzania, kimefungwa kwa gazeti la zamani na kushonwa uzi kwenye mgongo. Kile kingine kikubwa, A Political History of the Pare of Tanzania cha mwaka 1969, hakuwa nacho. Nilimpelekea nakala niliyotoa kivuli chuoni, akaisoma kwa miwani na lenzi ya mkononi mwezi mzima, na niliporudi kurasa zilikuwa zimejaa kalamu nyekundu. Mwalimu ni mwalimu.

Ni vizuri vijana wenzangu wajue kile kitabu kilikuwa na uzito gani. Mwaka 1963 mwanahistoria mkubwa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa, iliyopo ni historia ya Wazungu ndani ya Afrika. Miaka hiyohiyo ya 1960 Kimambo alikuwa anapanda na kushuka milima ya Upare, anakaa na wazee wa koo, anawauliza baba alimzaa nani, na huyo alikata shauri na nani, na msitu ule wa jando ulikuwa wa ukoo upi. Kutoka kwa wazee hao akapata shahada ya udaktari huko Northwestern, Marekani, mwaka 1967. Ndipo tukapata kwenye karatasi habari za Ugweno: Washana, wahunzi wa chuma waliokuwa watawala, na namna Wasuya walivyowapindua chini ya Angovi, na mwanawe Mranga aliyepanga upya utawala na mambo ya jando. Wazee waliompa hayo walikuwa mwishoni mwa maisha yao. Miaka michache baadaye asingewakuta. Mwenyewe baadaye alikuwa mkuu wa idara ya historia pale Mlimani, na aliendelea kuandika hadi uzeeni. Kitabu cha A New History of Tanzania, alichokitoa na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto, ni cha 2017.

Nilimwambia Mwalimu ule msemo maarufu wa Hampâté Bâ wa Mali, kwamba mzee akifa Afrika ni maktaba imeungua. Nilidhani ataufurahia. Akaukataa kabisa.

"Mimi si maktaba. Maktaba haina baba wa kumfichia siri."

Sikuelewa siku hiyo. Nilikuja kuelewa mwaka 2021, safari ya nne au ya tano, baada ya ule mwaka wa korona ambao sikwenda kabisa. Alikuwa amedhoofika, anakaa zaidi kitandani, na siku hiyo alimtuma mjukuu dukani kwa jambo ambalo halikuwa na maana, ili tubaki wawili. Ndipo akanieleza kwamba baba yake alikuwa karani. Alisoma kwa wamisionari, mwandiko wake mzuri, na baraza lilipotaka mtu wa kufuatana na wakadiriaji na kuandika, lilimchukua yeye. Kwa hiyo lile daftari ambalo Mwalimu alikuwa amenisimulia miaka miwili, lililoingia zizini kwa watu, lilikuwa linalala nyumbani kwao, juu ya kabati.

Baba yake hakuwa mtu mbaya, alisema. Aliamini. Aliambiwa fedha ile itajenga shule na zahanati, naye alikuwa amezika watoto wawili kwa homa. Usiandike kwamba wale wote walikuwa vibaraka, aliniambia, utakuwa umeandika wimbo, hujaandika historia. Lakini majirani hawakujali anaamini nini. Asubuhi moto ukizimika, mama anamtuma mtoto akaombe kaa la moto kwa jirani, kama desturi. Mtoto huyo alikuwa yeye. Alizunguka nyumba nne, zote moshi unatoka, zote anaambiwa moto umezimika.

Na kaka yake mama alikuwa Same, kambini.

Hapa ndipo vitabu na Mwalimu vinapokutana, na ndiyo sehemu niliyoirudia zaidi katika kanda zangu. Wanaume wakiwa Same miezi yote ile, nani alilima? Nani aliwalisha? Wake zao na dada zao ndio walishika majembe, na ndio waliobeba chakula. Kisha wakachoka kubeba tu, wakaingia wenyewe. Kule Usangi mamia ya wanawake walimkabili afisa wa serikali na kumwambia wazi: ama amalize mgogoro huu waume zetu warudi, ama atupe mimba sisi sote yeye mwenyewe, maana umetuachia nyumba bila wanaume. Siku chache baadaye maafisa na mtawala wao walirushiwa mawe. Halafu wanawake wakatembea wenyewe hadi Same, kama kilometa 40. Mmarekani mmoja, Jean O'Barr, aliyefanya utafiti Upareni, aliandika habari hizi katikati ya miaka ya 1970 akiwaeleza wasomi wa kwao kwamba siasa ya wanawake wa Kiafrika haikuanza na vyama. Ukisoma maandiko hayo unafurahi. Lakini ndani yake wanawake wanakwenda kama kundi, mamia kwa maelfu, na kila mmoja anamfuata mumewe.

Mama yake Mwalimu mumewe alikuwa nyumbani, na kalamu. Alipika makande usiku, akayafunga, akaondoka kabla ya jogoo na wanawake wenzake waliokuwa hawamsalimii kisimani, akampelekea kaka yake. Njiani hakuna aliyesema naye. Alikwenda mara tatu. Safari ya pili, wakati wa kurudi, mwanamke mmoja alimshika mkono kuvuka korongo, na kuanzia siku hiyo moto ukaanza kupatikana tena, nyumba moja tu. Mumewe alijua? Mwalimu alisema nyumba ya Kipare ya vyumba viwili, mahindi na maharage yanatokota usiku kucha, harufu yake haifichiki. Alijua. Asubuhi alivaa koti lake akaenda barazani kuandika.

Nilimwuliza mama alikuwa upande gani. Hapo aligeuka mkali kidogo, sauti ya darasani.

"Hilo ni swali la gazeti. Uliza alibeba nini, alipitia wapi, alirudi saa ngapi."

Mpaka leo hatukukubaliana juu ya jambo hilo. Mimi nadhani swali la upande ni halali. Mtu anayetembea kilometa zote hizo gizani ana upande, hata kama hakuutamka. Mwalimu aliona nikimpa mama yake upande nitakuwa nimemhukumu baba yake kwa mlango wa nyuma. Tulibishana mara mbili, mara ya pili hadi mkewe akaingia kutuambia chai inapoa. Nimeandika hapa kama alivyotaka: alibeba nini, alipitia wapi. Upande wake mtautafuta wenyewe.

Mwisho wa Mbiru mnaweza kuukisia. Serikali ilirudi nyuma, na kufikia 1947 kodi ile ilikuwa imefutwa. Baba yake Mwalimu alirudi kwenye kahawa yake. Hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba, ila alipofariki, miaka mingi baadaye, uhuru umeshapatikana, wapo waliokuja mazikoni wakasimama njiani bila kuingia uani. Mwalimu aliwakumbuka kwa majina, wote. Baadhi ya wajukuu wa watu hao wameoa kwenye ukoo wake, na ndiyo sababu jina silitaji.

Jambo moja alilipenda sana kulisimulia, na macho yalimcheka. Kodi ya kichwa ilifutwa 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, hadi ilipofutwa tena 2003. Katika hiyo miaka ya 1980 yeye alikuwa mwalimu mkuu, na mgambo walipopita kukamata wasiolipa, wanaume walikimbilia vichakani asubuhi, wakateremka jioni kula. Siku moja walimwomba awape chumba cha darasa kuwafungia waliokamatwa. Akawaambia chumba kipo, lakini ufunguo anao mama yangu. Mama yake alikuwa ameshakufa. Mgambo wakaondoka kumtafuta.

Mara ya mwisho nilimwona Agosti 2022, siku za sensa. Karani alikuja na kishikwambi, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye heshima zake, akapiga magoti kumwamkia. Akauliza kaya ina watu wangapi, umri, elimu, choo cha namna gani. Kisha akafika kwenye mifugo. Mwalimu alikuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa, lakini pale aliomba aegemezwe. Akamwuliza yule binti jina la babu yake, akaambiwa. Akamwuliza nani ataiona hesabu hiyo, akaambiwa ni siri, kwa mujibu wa sheria. Akafikiri. Kisha akataja: mbuzi sita, kuku hana hakika. Na ng'ombe mmoja, ila yuko Lembeni kwa mtu.

"Huyo nimwandike hapa au Lembeni, babu?" binti akauliza.

Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja na maji. Alifariki mwezi wa kumi mwaka huohuo. Kijitabu cha 1971 wanawe wamenipa mimi, pamoja na ile nakala yenye kalamu nyekundu. Kanda zipo saa kumi na moja na dakika kadhaa. Nimezinukuu zote kwa mkono, na wanawe wana nakala. Ukurasa mmoja wa nakala ile una alama ya kuuliza pembeni ya orodha ya wazee waliohojiwa, na chini yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ameandika: wanawake wangapi? Mwezi ujao nakwenda Usangi. Nimeambiwa wapo bibi wawili, mmoja alikuwa anachunga mbuzi na mwingine alikuwa bado mgongoni.